Motokaa Inapogonga Chini



Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mwenye motokaa, na kila apandaye motokaa ya mwenziwe, amekwisha kulisikia kwa masikio yake: ile sauti itokayo chini, penye magurudumu, gari likipita katika barabara mbovu. Mara hugonga, mara hulia kama kitanda kikuukuu, mara husaga kama meno ya mtu mwenye homa. Watu wengi huizoea, kama wanavyozoea mkoromo wa mtu wa nyumbani. Wengine, wakichoka nayo, huongeza sauti ya redio ndani ya gari ili isisikike. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua.

Neno letu la leo ni hili: sauti ile ni shahidi, na shahidi hana budi kuhojiwa kabla ya hukumu kutolewa. Asiyemhoji hupoteza fedha zake kwa kununua badala ya kitu kisichoharibika, na huku kilichoharibika chabaki pale pale chini ya gari, kikingoja siku yake.

Kwanza yatupasa kujua ni vitu gani vilivyomo chini humo, na kila kimoja kina kazi gani.

Gari halikuketi juu ya magurudumu yake kama sanduku lililowekwa juu ya meza. Limeketi juu ya springi, na springi ndizo zichukuazo uzito. Ziko springi za mviringo, zilizojizinga kama nyoka; na ziko springi za majani, kama zile za nyuma za malori na za Toyota Hilux, nazo ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Springi ikisha kubonyea haijui kutulia. Ingeachwa peke yake ingelirusha gari juu na chini kama mtoto aliyepanda tawi. Ndiyo maana pana shokapu. Ndani ya shokapu mna oili, na pistoni yenye matundu madogo. Gari linapobonyea au kuinuka, oili hulazimika kupenya matundu yale kwa shida, na nguvu ya kurukaruka hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo kazi ya shokapu si kuchukua uzito, bali ni kutuliza.

Kisha pana mikono ya chuma inayolishika gurudumu lisiende mbele wala nyuma. Upande wa bodi, mkono umefungwa kwa bushi, nazo ni mipira iliyovikwa pete za chuma, ili chuma kisigongane na chuma. Upande wa gurudumu, mkono huishia katika boli-jointi. Hiyo ni tufe dogo la chuma lililotiwa katika kikombe chenye grisi, na kufunikwa kwa kifuko cha mpira. Mfano wake ni mfupa wa paja katika nyonga. Kwa kiungo hicho gurudumu la mbele hupanda na kushuka, na tena hugeuka kulia na kushoto. Mwisho pana ufito wa stabilaiza, uunganishao upande wa kulia na upande wa kushoto ili gari lisilale sana penye kona. Nao umeshikwa kila upande kwa kijiti kifupi kiitwacho linki.

Katika motokaa nyingi ndogo za siku hizi, kama vile Toyota Corolla, springi na shokapu za mbele zimeungwa zikawa nguzo moja. Mpango huo ulitungwa na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na mwaka 1950 kampuni ya Ford ilizionyesha London motokaa zake za Consul na Zephyr zilizojengwa hivyo. Twalitaja jambo hili kwa sababu lina maana kwa mwenye kuchunguza: juu ya nguzo ile, chini ya boneti, pana kiti cha mpira chenye beringi yake, nacho pia huchakaa kikapiga kelele.

Tena tukumbuke kwamba motokaa nyingi zishukazo katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa zimekwisha kutumika miaka mingi Japani. Huenda zilitembea kidogo tena katika barabara laini. Lakini mpira huzeeka kwa miaka, si kwa safari peke yake. Bushi iliyokuwa kimya katika lami ya huko yaweza kupasuka katika mwezi wa kwanza wa changarawe zetu.

Sasa na tumhoji shahidi wetu. Twamwuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, sauti ni ya viungo vya gari, au ni ya mgeni? Kabla ya kulala chini ya gari, toeni jeki, spana, na chupa zote zilizo nyuma. Kazeni gurudumu la akiba. Tikiseni bomba la eksozi likiwa limepoa, mwone kama limekatika mpira wa kulishikia. Na kabla ya hayo yote, jaribuni nati za magurudumu kwa spana, maana nati iliyolegea hugonga pia, na hiyo haingoji kesho. Wako watu waliofungua nusu ya gari kwa ajili ya jeki iliyokuwa ikicheza ndani ya buti.

Swali la pili: Je, sauti yatoka pembe gani? Dereva akiwa ndani hudanganyika kwa urahisi, kwa kuwa chuma huchukua sauti kutoka mahali hata mahali. Fungueni madirisha, mpite polepole kando ya ukuta mrefu, kwanza ukuta uwe kulia, kisha kushoto. Ukuta utawarudishia sauti ya upande ule ulio karibu nao. Au mtu mmoja aendeshe kwa mwendo wa miguu, na mwingine atembee mbali kidogo kando yake akisikiliza.

Swali la tatu, nalo ndilo kubwa: Je, sauti huja lini? Hapa yafaa kuwa na daftari, kama mwanafunzi.

Ikiwa ni kugonga kwepesi, ko-ko-ko, gari likienda polepole penye makunyanzi na vishimo vidogo, mshukiwa wa kwanza ni linki ya stabilaiza. Jaribuni hivi: piteni juu ya tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele pamoja, kisha piteni penye shimo kwa gurudumu moja tu. Magurudumu yakipanda pamoja, ufito haupindwi sana. Likipanda moja, hupindwa, na linki iliyolegea hupiga kelele zaidi.

Ikiwa ni mshindo mmoja mzito, du!, wakati wa kukanyaga breki au wa kuondoka, angalieni bushi za mkono wa chini. Mpira ukisha kuliwa, mkono wote husogea mbele na nyuma kila gari linapobadili mwendo.

Ikiwa gari limesimama, na mkigeuza usukani husikika mlio kama wa uzi wa zeze uliovutwa na kuachwa, shida yaweza kuwa kile kiti cha juu cha nguzo na beringi yake: springi hukwama, hujipinda, kisha hujifyatua.

Ikiwa ni kulia kama mlango usiotiwa mafuta, gari likipanda na kushuka polepole, aghalabu ni mpira mkavu au boli-jointi iliyopasuka kifuko, grisi ikatoka na mchanga ukaingia.

Lakini ikiwa ni ta-ta-ta wakati wa kukata kona kali huku gari likienda, hiyo si kazi ya springi wala bushi. Tazameni kiungo cha nje cha shafti izungushayo gurudumu la mbele. Na uvumi unaokua kadiri mwendo unavyozidi ni wa beringi ya gurudumu, au wa tairi zilizoliwa vibaya.

Hapa, wasikilizaji, twapenda kuwahadithia jambo lililotokea katika chuo tunachofundisha. Mwalimu mwenzetu mmoja alikuwa na motokaa ndogo iliyogonga upande wa mbele kila alipopita penye makunyanzi. Akaipeleka kwa fundi. Fundi yule hakuiendesha wala hakuiinua, aliisikia ikiingia uani, akasema, “Mwalimu, shokapu zimekufa.” Mwenzetu akachukua fedha alizokuwa ameziweka kwa karo ya mtoto wake, akanunua shokapu nne. Siku ile ile, njiani kurudi, gari likagonga vile vile.

Alikuja kwetu siku ya Jumamosi, uso umemsawijika. Tuliketi naye chini ya mwembe, tukauliza maswali yale matatu, na majibu yake yote yakaelekea kwenye linki ya upande wa kulia. Tuliifungua tukaiona imelegea hata yatikiswa kwa kidole kimoja. Na bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya shokapu moja. Lau mambo yangeishia hapo, tungalicheka tukanywa chai. Lakini kwa kuwa gari lilikuwa limekwisha kuinuliwa, tulilishika na gurudumu, juu na chini, tukalitikisa. Likacheza. Tukamwambia mwenzetu akanyage breki. Likacheza vile vile. Tulipoingiza mtaimbo chini ya boli-jointi ya upande ule tukauinua kidogo, tuliona kwa macho yetu tufe likipanda na kushuka ndani ya kikombe chake kama jino lililolegea katika ufizi. Jumatatu ile mwenzetu alikuwa achukue wanafunzi wanne wa ualimu, awashushe katika shule za vijijini kwa mazoezi ya kufundisha, kwa njia iteremkayo mlima.

Fahamuni tofauti yake. Linki ikikatika, gari hulala penye kona, na kelele huzidi. Bushi ikiliwa, tairi huliwa upande, na usukani huvuta. Shokapu ikifa, gari huruka na breki huhitaji nafasi ndefu zaidi. Hayo yote ni mabaya. Lakini boli-jointi ya chini ikichomoka, gurudumu hulala ubavu, na usukani hauna tena amri juu yake. Dereva hodari na dereva mwanagenzi huwa sawa saa ile. Kwa hiyo kati ya sauti zote tulizozitaja, hii haina ruhusa ya kungoja mwisho wa mwezi. Na mwenzetu alikuwa amekwisha kutumia fedha zake katika shokapu ambazo hazikuwa na neno.

Sasa tueleze namna ya kuchunguza. Gari lisimame mahali sawa na pagumu, breki ya mkono ivutwe, na mawe au vigogo vitiwe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Likisha kuinuliwa kwa jeki, liwekwe juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala matofali ya saruji yasitumiwe, kwa maana hupasuka ghafula bila kutoa ishara.

Shikeni gurudumu kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, mtikise. Likicheza, mtu wa pili akanyage breki kwa nguvu. Mchezo ukikoma, shukuni beringi. Ukiendelea, shukuni boli-jointi. Kisha shikeni kulia na kushoto, mtikise tena. Mchezo wa namna hii mara nyingi hutoka katika viungo vya fito za usukani. Katika gari la nguzo ya MacPherson, boli-jointi ya chini huchunguzwa gurudumu likiwa linaning'inia. Katika gari ambalo springi yake imekaa juu ya mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu. La sivyo springi huisukuma boli-jointi na kuuficha mchezo wake, nanyi mtadhani kwamba ni nzima.

Bushi huchunguzwa kwa taa na mtaimbo: tafuteni nyufa ndefu, na mahali mpira ulipoachana na chuma. Shokapu hutazamwa kama inatiririsha oili. Unyevu kidogo si hoja, bali oili itiririkayo hata vumbi likagandamana nayo ni dalili ya mwisho wake. Bonyezeni pembe ya gari kisha mwachie: yapasa iinuke na kutulia, isiendelee kupanda na kushuka. Katika springi za majani, tafuteni jani lililovunjika, na mkaze zile bolti zenye umbo la herufi U ziishikazo springi na ekseli.

Mkitaka kuwa na yakini juu ya linki, zifungueni zote mbili, mfunge ufito usigonge kitu, mwendeshe polepole mahali pasipo watu. Kelele ikitoweka, shahidi amesema kweli. Mkitaka kumjua mpira unaolia, umwagieni maji ya sabuni: ukinyamaza kwa muda, ndio huo. Bali msimwage oili chafu ya injini. Twajua ni desturi ya watu wengi, na ya kuwa kelele hunyamaza siku mbili tatu. Lakini oili huulainisha mpira na kuuvimbisha hata ukaoza. Huko si kumtibu mgonjwa, ni kumziba kinywa.

Katika kutengeneza, shikeni mambo matano.

La kwanza, shokapu hubadilishwa mbili mbili, ya kulia na ya kushoto pamoja, ili upande mmoja usiwe mgumu na mwingine mlegevu.

La pili, nguzo ya MacPherson isifunguliwe nati yake ya katikati kabla springi haijabanwa kwa chombo chake. Springi ile imejaa nguvu iliyofungiwa, nayo ikifyatuka yaweza kuua. Asiye na chombo ampelekee mwenye nacho.

La tatu, bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa gurudumu likining'inia, mpira hushikwa umepindwa, na gari lishukapo huzidi kupindwa mchana na usiku hata upasuke kabla ya wakati. Hili mafundi wengi hulisahau, kisha bushi husingiziwa kwamba ni mbovu.

La nne, nati ya boli-jointi iliyotobolewa kwa ajili ya kipini itiwe kipini kipya cha kiasi chake, wala si msumari au waya.

La tano, kazi ikisha, gari lipelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu, na nati za magurudumu zijaribiwe tena baada ya safari fupi.

Yawezekana mtu akatuambia, “Sisi si mafundi, haya yatufaa nini?” Twamjibu kwamba hatukumtaka awe fundi. Mgonjwa aendaye kwa daktari hana haja ya kujua dawa. Lakini akiweza kusema, “Huniuma hapa, tena usiku, tena nikipanda ngazi,” amekwisha kumsaidia daktari, naye hatarudi nyumbani na dawa ya jicho kwa ajili ya goti. Mwendeeni fundi na daftari lenu: ni pembe gani, ni lini, ni mlio gani. Mwombeni aliendeshe gari pamoja nanyi. Mwombeni awaonyeshe kwa mkono kile kinachocheza kabla hamjatoa fedha. Fundi wa kweli atafurahi, kwa maana mmemfupishia kazi. Naye asiyetaka kuulizwa, mwacheni na shokapu zake.

Mwenzetu alinunua boli-jointi mbili na linki mbili Jumatatu asubuhi, akawafikisha wanafunzi wake Jumanne. Karo ya mtoto alilazimika kuilipa nusu nusu muhula ule. Shokapu nne zile mpya ziko garini hata leo, nzuri kabisa, wala hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ni kuhukumu bila kuuliza.

Basi, Mabibi na Mabwana, wakati wetu umetimia. Sisi tusemao nanyi kwa redio tuna ombi moja ambalo labda hamkulitazamia. Kesho mtakapoingia katika motokaa zenu, na mtakapofika penye barabara mbovu ya kwanza, zimeni redio, mfungue madirisha, mwende polepole mwendo wa mtu anayetembea, na msikilize.

Kwaherini.